Mikao ya yoga kwa tumbo la mwenye kisukari: asubuhi, baada ya mlo na kabla ya kulala

Mwenye kisukari akisema "tumbo linanisumbua", anaweza kuwa na tatizo moja kati ya manne. Mmoja hajapata choo siku tatu. Mwingine anakula vijiko vitano vya wali na kujiona kama amemaliza sinia. Wa tatu anaharisha tangu alipoanzishiwa metformini, vidonge vya kushusha sukari. Wa nne anaamka usiku wa manane kiungulia kinamchoma kifuani. Wote wanne wakitafuta msaada mtandaoni wanapewa mikao ileile ya yoga, na wengi hukata tamaa hapo, kwa sababu mkao unaomfungulia wa kwanza unaweza kumtapisha wa pili.

Ndiyo maana naanza na tumbo lenyewe. Mkeka tutautandika baadaye.

Kwanza: jua tumbo linasumbuka wapi

Chakula husukumwa kutoka kwenye mfuko wa chakula mpaka utumbo mpana kwa amri ya mishipa ya fahamu. Mmoja kati ya hiyo, neva ya vagasi, hutoka kwenye ubongo, hupita shingoni na kifuani, ukafika tumboni. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, neva hii hudhoofika sawa na zile za miguuni zinazoleta ganzi. Mfuko wa chakula huchelewa kujimwaga, na chakula cha mchana kinaweza kuwa bado kipo saa ya kulala. Hali hiyo madaktari huiita gastroparesisi. Hata mtu ambaye neva zake ni nzima, siku sukari yake imepanda sana tumbo lake hupunguza mwendo, kwa hiyo kuidhibiti sukari ni dawa ya tumbo pia.

Dalili za tumbo la juu ni kushiba upesi, kichefuchefu, kujaa juu ya kitovu, na kutapika chakula ulichokula saa nyingi zilizopita. Kuna nyingine ambayo watu hawaihusishi na tumbo: sukari inashuka muda mfupi baada ya kula, kisha inapanda sana baadaye bila sababu unayoiona. Anayejidunga insulini ailewe hii vizuri. Dawa imeshaingia kwenye damu, chakula bado kimekwama juu.

Tumbo la chini lina dalili zake: choo kigumu, kujikamua, gesi chini ya kitovu, na hisia kwamba hujamaliza haja.

Kuharisha ni jambo la peke yake. Kama kulianza ulipoanza metformini, meza dawa hiyo pamoja na chakula, na mwulize daktari kuhusu vidonge vya aina inayoyeyuka polepole. Kama kunakuja usiku na huwezi kukuzuia, huenda neva za utumbo zimeguswa, nenda kituo cha afya. Hakuna mkao wa yoga ninaoweza kukupa kwa ajili ya kuharisha zaidi ya kupumua kwa utulivu.

Kutofautisha hivi si kupoteza muda. Chukua ushauri tunaousikia kila kliniki: kula mboga za majani na nyuzinyuzi kwa wingi. Kwa mwenye choo kigumu ni ushauri mzuri. Mwenye tumbo linalochelewa kujimwaga akishindilia maharage, mahindi ya kuchemsha na machungwa pamoja na makapi yake, anazidi kujaa, na nyuzi hizo zinaweza hata kushikana zikawa donge ndani ya mfuko wa chakula. Huyu anahitaji milo midogo mara 5 au 6 kwa siku, vyakula laini, mafuta kidogo. Mikao nayo ni hivyohivyo.

Yoga inafanya nini, na haifanyi nini

Yoga ilizaliwa India, na huko huko ndiko watu walikoanza kuipima kwa vifaa vya maabara. Swami Kuvalayananda alianzisha taasisi ya Kaivalyadhama mjini Lonavla mwaka 1924, na miongoni mwa mambo ya mwanzo aliyoyachunguza ni shinikizo la ndani ya tumbo wakati wa mazoezi hayo. Tafiti zilizofuata juu ya kisukari cha aina ya pili, nyingi zikiwa ndogo na za muda mfupi, zinaonyesha kwamba yoga ikiongezwa juu ya dawa na chakula bora husaidia kushusha sukari kwa kiasi na kupunguza msongo wa mawazo. Kuhusu tumbo lenyewe ushahidi ni mwembamba zaidi. Tunachokijua vizuri ni jinsi mwili unavyofanya kazi: ukiwa na hofu na haraka, mwili huiweka kando kazi ya kumeng'enya, ukitulia na kupumua polepole, huirudia.

Kuna maneno yanayozunguka kwamba kujipinda kiuno kunakamua kongosho mpaka litoe insulini. Si kweli, na ni maneno ya hatari. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini kwa sababu ya mkao wowote anaweza kufa ndani ya siku chache. Dawa zako zinabaki palepale. Mabadiliko yanatoka kwa daktari.

Pili: kabla ya kutandika mkeka

Pima sukari. Kama unatumia insulini, au vidonge vya glibenklamidi au gliklazidi vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi, na mashine inasoma chini ya 5 mmol/L (yaani 90 mg/dL), kula kitu kidogo chenye wanga kwanza, usubiri ipande. Ikiwa juu ya 13.9 mmol/L (250 mg/dL) na unajisikia vibaya, au una kisukari cha aina ya kwanza na kipimo kinaonyesha ketoni (kemikali zinazojaa kwenye damu mwili ukikosa insulini), pumzika siku hiyo na ushughulikie sukari.

Weka karibu yako glasi ya maji na sukari. Sukari ikishuka chini ya 4, yaani unatetemeka, jasho jembamba, moyo unadunda, koroga vijiko vya chai 3 vya sukari kwenye maji unywe, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Biskuti na chokoleti usizitegemee hapa. Mafuta yake huchelewesha sukari kufika kwenye damu, na kwa tumbo ambalo tayari linasuasua utangoja sana.

Angalia nyayo zako, hasa kama una ganzi: kuna mchubuko, lengelenge, kitu kimechoma? Mwenye kidonda mguuni afanye mazoezi yote kwenye kiti.

Macho nayo. Kama umeambiwa mishipa ya macho imeharibika kwa kisukari, au hujapimwa macho zaidi ya mwaka, usifanye mkao wowote unaoweka kichwa chini ya moyo, na usibane pumzi. Presha inayopanda ghafla kichwani inaweza kupasua mishipa hiyo dhaifu. Mjamzito, mwenye ngiri, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni na mwenye presha isiyotulia wamwone daktari kwanza.

Vifaa si vingi: mkeka au jamvi, blanketi chini yake kama sakafu ni ya saruji, khanga mbili za kukunja, na kiti imara kisicho na magurudumu.

Tatu: asubuhi, kwa choo kigumu na gesi

Kunywa glasi ya maji ya uvuguvugu, kisha fanya mfululizo huu kabla ya kifungua kinywa. Dakika 15 hadi 20 zinatosha.

Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga chini. Mkono mmoja kifuani, mwingine kitovuni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, mkono wa kitovuni uinuke na wa kifuani utulie. Toa pumzi ukihesabu mpaka 6. Rudia mara 10. Wengi mwanzoni hupumua kwa kifua tu na mabega yanapanda. Wakae hapo hata wiki nzima kabla ya kuendelea. Mimi ningekuambia ufanye hili peke yake kuliko kufanya mikao kumi huku unahema. Kila pumzi inayoingia hushusha kiwambo, ule msuli ulio kati ya kifua na tumbo, kiwambo kikaubonyeza utumbo kwa upole, na pumzi ndefu ya kutoa huutuliza mwili wote.

Kisha piga magoti na viganja. Ukivuta pumzi, acha tumbo lishuke na kifua kifunguke mbele. Ukitoa, pandisha mgongo juu, kitovu kiingie ndani. Mara 8 au 10, polepole. Vifundo vya mikono vikiuma, kunja ngumi. Bibi au babu asiyeweza kushuka chini anafanya hivyohivyo akiwa amekaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti.

Sasa mkao ulio moyo wa mfululizo huu, Pavanamuktasana, yaani mkao wa kutoa gesi. Rudi chali. Kunja goti la kulia, lishike kwa mikono miwili, na goti likiuma shika nyuma ya paja. Ukitoa pumzi, livute kuelekea tumboni upande wa kulia. Kaa hapo kwa pumzi 5. Kila ukitoa pumzi, paja linasogea kidogo tu. Liachie, kisha fanya la kushoto. Mwisho vuta yote mawili pamoja. Kichwa kibaki chini, shingo imelegea. Kulia kunatangulia kwa sababu utumbo mpana huanzia chini kulia, hupanda mpaka chini ya mbavu, huvuka juu ya kitovu, halafu hushuka upande wa kushoto kuelekea njia ya haja. Unafuata njia ya mzigo. Gesi ikitoka, iache itoke. Ndicho ulichokusudia, na hakuna haja ya kuona aibu wala kujibana.

Ukiwa bado chali, panua mikono, weka magoti pamoja na uyaangushe kulia huku ukiangalia kushoto. Pumzi 5, badilisha upande. Naupendelea mkao huu kuliko Ardha Matsyendrasana, ule wa kujipinda ukiwa umekaa, kwa sababu hauumizi kiuno na wenye kitambi wanaumudu.

Ukitaka, ongeza kuusugua tumbo. Paka mafuta ya nazi kidogo viganjani, anza chini kulia, panda, vuka, shuka kushoto, duara pana la polepole kwa dakika 3. Tahadhari moja ambayo haisemwi sana: kama umetoka kujidunga insulini tumboni, usisugue hapo. Kusugua huharakisha dawa kuingia kwenye damu, na sukari inaweza kushuka kabla hujaitarajia. Fanya kwanza mazoezi, insulini ya mlo ije wakati wake.

Unapoinuka, geuka ubavu, kaa kidogo, ndipo usimame. Neva zilizodhoofika huchelewa kurekebisha presha, na wapo wanaoanguka hapa tu, si kwenye mkao.

Malizia kwa kuchuchumaa, ukijishikilia kwenye fremu ya mlango au ukingo wa kitanda, miguu imepanuka, kwa pumzi 5. Kuchuchumaa kunaulegeza msuli unaoikunja njia ya haja kubwa, ikanyooka. Aliyezoea choo cha kuchuchumaa anapata faida hii bila kufikiria. Mwenye choo cha kukaa aweke kigoda kifupi chini ya nyayo, magoti yapande juu ya nyonga.

Baada ya kifungua kinywa, subiri dakika 20 hadi 30 uende chooni hata kama hujasikia haja. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana huamka. Kwa mwenye kisukari ishara hiyo inaweza kuwa dhaifu, lakini hufundishika kwa kuwahi saa ileile kila siku. Usijikamue. Dakika 10 zikipita bila kitu, ondoka.

Nne: baada ya mlo, kwa tumbo linalochelewa

Hapa makosa ni mengi. Mtu amekula ugali, amejaa, anakumbuka Pavanamuktasana, analala chali na kujikunja. Chakula kinarudi kooni. Baada ya kula hakuna kulala, kujipinda wala kubonyeza tumbo kwa saa 2 hadi 3.

Inuka utembee polepole dakika 10 hadi 15, uani au barabarani. Hii si yoga, lakini hakuna mkao unaoishinda kwa saa hiyo: uzito wa chakula unavutwa chini, na misuli ya miguu inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu.

Ukirudi, kaa Vajrasana, mkao unaoshauriwa baada ya kula. Piga magoti, kalia visigino, mgongo wima, viganja juu ya mapaja. Waislamu wataufananisha na kikao cha tahiyatu, na kwa kweli umeshazoea zaidi ya nusu yake. Tofauti ni kwamba hapa nyayo zote mbili zinalala, migongo ya nyayo ikigusa chini, hakuna wa kulia uliosimamishwa kwa vidole. Pumua ile pumzi ya 4 na 6. Anza na dakika 2, ufike 5.

Weka khanga iliyokunjwa kati ya makalio na visigino, nyingine chini ya vifundo vya miguu. Mwenye ganzi asikae zaidi ya dakika 2 na asitegemee maumivu yamwambie aondoke, kwa kuwa maumivu hayatakuja, atumie saa. Akiinuka atazame mgongo wa mguu: alama nyekundu isiyofutika baada ya dakika chache inamwambia mkao huu haumfai. Akae kwenye kiti, mgongo haujaegemea, nyayo chini. Tumbo litapata faida ileile, kwa sababu linachohitaji ni kiwiliwili kilichonyooka na pumzi iliyotulia.

Kama unashiba upesi na sukari yako inashuka baada ya kula, yoga isikucheleweshe kumwona daktari. Mwambie hivi: "Daktari, nikila kidogo nashiba, na sukari inashuka baada ya mlo halafu inapanda usiku." Sentensi hiyo itamwelekeza kwenye tumbo, na huenda akabadilisha muda wa insulini yako. Mtajie dawa zako zote, kwani baadhi ya sindano mpya za kisukari na za kupunguza uzito huchelewesha tumbo zenyewe.

Anayefunga Ramadhani kwa ruhusa ya daktari asiufanye mfululizo wa asubuhi wakati wa alasiri kabla ya futari, kwa kuwa saa hiyo sukari inakuwa chini. Rakaa za tarawehe nazo azihesabu kuwa mazoezi.

Tano: kabla ya kulala

Chakula cha usiku kiwe kimepita saa 3. Kama huna kiungulia wala tatizo la macho, lala chali na uegemeze miguu ukutani dakika 5, makalio yakiwa shubiri moja kutoka ukutani. Kisha Shavasana: chali, mikono pembeni, macho yamefungwa, dakika 5 nyingine.

Mwenye kiungulia aruke hilo. Akae kwenye kiti apumue mara 10, kisha alalie ubavu wa kushoto. Inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali chini ya miguu yake miwili ya upande huo. Kurundika mito hakufanyi kazi hiyo, kunalikunja tumbo.

Mikao ya kuacha

Sirsasana (kusimama kwa kichwa), Sarvangasana (kusimama kwa mabega) na mbwa anayeinama (viganja na nyayo chini, makalio juu, kichwa kikining'inia) si za kujaribu nyumbani kwa mwenye kisukari cha miaka mingi. Mayurasana, kujibeba kwa viwiko vilivyobonyeza tumbo, husifiwa sana kwa kisukari. Sioni sababu ya kuhatarisha tumbo kwa ajili yake. Kapalabhati, ile pumzi ya kupiga tumbo kwa kasi, aiache mwenye presha, mwenye matatizo ya macho na mjamzito.

Daftari na daktari

Kwa wiki 4 andika kila siku: sukari ya asubuhi na ya saa 2 baada ya mlo, choo kilikuwaje, tumbo lilijaa saa ngapi, na mikao uliyofanya. Usipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi, maana faida yake kwenye sukari huisha haraka. Ukiona sukari inaanza kusoma chini kuliko kawaida, ni habari njema inayohitaji daktari: peleka daftari kliniki akupunguzie dozi yeye.

Acha mkeka na uende hospitali siku hiyohiyo ukiona choo cheusi au chenye damu, kutapika kusikokoma, tumbo kuvimba na kuwa gumu bila choo wala gesi, au uzito unaopungua bila kukusudia. Maumivu ya tumbo pamoja na kutapika, kuhema kwa kasi na pumzi inayonuka kama matunda yaliyoiva sana ni dalili za sumu ya ketoni kwenye damu. Hiyo haisubiri asubuhi. Beba mashine yako ya sukari na dawa zako zote, na neno la kwanza kwa muuguzi wa mapokezi liwe kwamba una kisukari.